Mizeituni Iliyopogolewa Baada ya Baridi

Sfax, 14 Machi 1946

Baba yangu mpendwa,

Kabla ya salamu nakuomba jambo moja. Barua hii isome peke yako, wala usiisome kwa sauti. Usimwambie Mama, usimwambie jirani yetu Khmaies hata kwa mzaha, na ukishamaliza itie kwenye moto wa chai. Neno moja la humu likitoka nje, mimi nimekwisha.

Sasa asalaam aleikum. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila usingizi umekuwa haba. Natumaini mgongo wako umepoa na macho ya Mama yamepata nafuu kwa ile dawa niliyompa dereva wa lori. Mjomba Mokdad anakusalimu. Kuta zilizoangushwa na mabomu nyuma ya nyumba yake bado hazijajengwa, na kuku wake wamefanya makao humo.

Baba, jana nilikuwa chumba cha ndani cha ofisi nikinakili, na mlango ulikuwa wazi. Musyu Vautrel, mwenye ardhi, alikuwa anazungumza na Si Chedli, mkuu wetu wa makarani. Hawakushusha sauti, maana mimi kwao ni kama kiti.

Musyu aliuliza, "Yule wa Bir Sassi je?"

"Dhaou? Mwaka huu anatimiza miaka kumi na tano ya mkataba. Miti ikizaa vuli hii, nusu ya shamba ni yake."

"Amepogoa?"

"Hajagusa hata tawi. Anangoja mvua."

"Basi asikumbushwe," Musyu akasema. "Katikati ya Aprili mpeleke mkaguzi. Mkataba unasema mgharsi, anayepanda miti kwenye ardhi yetu kwa fungu, asipopogoa ameitelekeza miti. Aliyeitelekeza anaondoka."

Si Chedli akacheka. "Ataondoka kama alivyokuja, yeye na ngamia wake."

Niliendelea kuandika. Baadaye niliona nimeandika neno lilelile mara tatu.

Baba, unajua hapa mimi ni Ferjani wa Mokdad, kama tulivyokubaliana, maana mtoto wa mgharsi hawamweki ofisini. Siwezi kuuliza wala kutetea. Ninachoweza ni kukuambia. Je, muda wa kupogoa bado upo? Miti unaijua wewe.

Usinijibu kwa ofisi. Mpe dereva wa lori.

Mwanao,
Ferjani


Bir Sassi, 20 Machi 1946

Mwanangu Ferjani,

Waaleikum salaam. Sisi hatujambo. Mgongo unauma ukiinama na unauma ukinyooka, kwa hiyo nimeuzoea. Mama yako anaona mwanga na watu kama vivuli. Jana alimsalimia ngamia akidhani ni Khmaies. Khmaies alikuwapo, akasema ngamia ndiye anayestahili kuombwa radhi.

Barua yako nimeichoma. Chai iliiva vizuri.

Umeuliza habari ya muda. Nitakueleza yote, maana ulikwenda shule kabla sijamaliza kukufundisha. Mzeituni wa nchi kavu kama yetu hupogolewa kwenye baridi, mavuno yakishakwisha. Januari, na Februari mpaka mwisho wake. Wakati huo mti umelala, unaupunguzia matawi nao haujui kilichoondoka mpaka unapoamka. Ukichelewa, mti umeamka, umeshatoa matumba, na kila tawi unaloangusha linaanguka na zeituni zake. Halafu jua linakuta gome lisilo na kivuli. Gome la ndani halijawahi kuona jua, mwanangu, ni kama tumbo la mtu.

Januari nilikuwa nimekwisha noa shoka. Lakini hapa kwetu mtu hapogoi kabla ya mvua moja ya maana, na mvua haikuja. Tulikaa kisimani sisi sote, Khmaies na mimi na watu wa upande wa pili, kila mtu akisema nangoja mvua, kumbe kila mtu alikuwa anamwangalia mwenzake nani ataanza. Hakuna aliyetaka kuwa mjinga wa kwanza. Januari ikaenda. Februari ikaenda. Sasa hata mlozi umekwisha pukutisha maua.

Kwa hiyo muda upo kwa mkaguzi. Kwa mti haupo.

Miti hii niliipanda ukiwa na miaka saba. Ulikuwa unabeba maji kwenye kiriba, nusu unamwagia mti na nusu unajimwagia. Sitaki kuitoka kwa sababu ya kuogopa kuikata, wala sitaki kuikata kwa sababu ya woga. Nimelala nalo jambo hili siku mbili.

Wewe ndiye umesoma sheria zao. Niangalizie. Kuna njia yoyote ya kumwambia mkaguzi kwamba ukame ndio uliochelewesha kazi, naye akakubali? Kama ipo, niandikie haraka, nitaiacha miti ilivyo. Nitakungoja mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Usiponiandikia nitajua haipo, na Jumamosi nitaanza kukata.

Mama yako anasema ule vizuri. Anakuletea bsisa, unga wake wa nafaka za kukaanga, kwa dereva huyuhuyu. Changanya na mafuta yetu, si hayo ya mjini.

Baba yako,
Dhaou


Sfax, 2 Aprili 1946

Baba yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama. Bsisa nimeipata na imekwisha.

Baba, kama hujaanza, usianze. Kama umeanza, acha hapo ulipofika.

Njia ipo. Yuko amini wa mizeituni, mzee aliyeapishwa, ambaye kazi yake ni kwenda shambani na kusema hii ni kazi ya mtu na hii ni kazi ya Mungu. Akithibitisha kwamba ukame ndio uliozuia, mkaguzi wa Musyu hana la kusema, na mwaka huhesabiwa kana kwamba umepogoa. Ombi la kumwita linapitia ofisi yetu. Linapokelewa na karani na kutiwa kwenye kumbukumbu, na karani huyo ni mimi.

Barua yako ilinifika tarehe 23. Nilijua jibu siku hiyohiyo, nikiwa bado nimesimama na dereva barabarani. Kwa kweli nilijua hata nilipokuandikia mara ya kwanza. Sikukutajia kwa sababu niliona mbele: Si Chedli anasoma ombi, anauliza nani amemfundisha mgharsi wa Bir Sassi habari za amini, anakumbuka mlango uliokuwa wazi, ananitazama. Niliandika barua mbili nikazichana. Ijumaa ilipopita nilijiambia labda lori limechelewa, labda nawe umechelewa, labda mvua imenyesha huko. Kila asubuhi naangalia mawingu ya upande wenu.

Leo nimeamua. Ombi nimeliandika kwa jina lako, liko mfukoni mwangu. Nitaliingiza. Nijibu tu kwamba hujakata.

Nakuomba, barua hii nayo ichome.

Mwanao,
Ferjani


Bir Sassi, 9 Aprili 1946

Mwanangu Ferjani,

Waaleikum salaam. Sisi hatujambo, Mama yako anakusalimu.

Nilianza Jumamosi kama nilivyosema. Barua yako ilinikuta Alhamisi, nimebakiza safu ya mwisho ile ya upande wa kisima. Nilikaa chini nikaisoma. Halafu nikafikiri, mkaguzi akikuta safu nyingine zimepogolewa na moja haijaguswa, ataniuliza kwa nini nimeiacha. Nikainuka nikaimaliza.

Nilikuwa nimekusudia kukata kidogo tu. Lakini mkaguzi anakuja na gari na haingii ndani ya shamba, anataka kuona kazi akiwa barabarani. Kwa hiyo nikakata matawi ya kuonekana. Matumba yalikuwa madogo kama punje za mtama, yamejaa kwenye kila kijitawi. Mama yako aliyakusanya matawi akawapa mbuzi, anapapasa kwa mikono, akaniuliza, "Mbona haya yana vitu vidogovidogo?" Nikamwambia ni vumbi la barabara. Mbuzi walikula kama sikukuu.

Khmaies alisimama mpakani muda mrefu. Akasema, "Dhaou, una homa?" Nikamwambia ninayo. Akasema, "Basi nenda ukalale, uache hiyo miti." Sikuweza kumwambia, maana ulinikataza. Sasa anapita mbali na shamba langu kana kwamba nimefiwa naye hajui aseme nini.

Mkaguzi alikuja jana, hakungoja katikati ya mwezi. Alitazama, akaandika, akasema vizuri mzee. Kwa hiyo hapo tumepita.

Ombi lako kama hujaliingiza, usiliingize. Halina kazi tena, litakuumiza wewe bure. Umejitahidi. Wewe ni mwangalifu tangu utotoni, ulikuwa huwezi kuvuka hata mfereji mpaka ushikwe mkono, na mimi ndiye niliyekupeleka ukakae peke yako katikati ya watu wale. Yaliyobaki tumwachie Mungu. Mti unaweza kukushangaza.

Baba yako,
Dhaou


Sfax, 30 Mei 1946

Baba yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Hii ni barua ya pili tangu nipate yako ya Aprili, sijui kama ile ya kwanza ilifika. Dereva anasema alimpa mtoto barabarani. Natumaini ninyi ni wazima.

Ombi sikuliingiza. Lilikuwa mfukoni siku ilipofika barua yako, na lilikuwa mfukoni siku zote kabla yake. Nilitaka ulijue hilo, usije ukadhani lilikuwa njiani.

Huku upepo wa moto kutoka kusini umevuma mfululizo, mpaka wino umekauka kwenye kalamu. Ofisini wanafunga madirisha na kunyunyiza maji sakafuni. Nakaa nafikiria magome yasiyo na kivuli. Je, umeyapaka chokaa? Nilisoma mahali kwamba chokaa hukinga gome na jua. Kama huna chokaa nitakutumia.

Juzi Si Chedli alinisimulia mwenyewe, anakunywa kahawa yake. Alisema, "Tulitaka tumkute yule mzee hajapogoa. Kumbe amepogoa Aprili. Ametusaidia." Nikamuuliza amewasaidia vipi. Akaniambia, "Ferjani, wewe mtoto wa mjini. Ngoja vuli utaona."

Nijibu, Baba, hata kwa neno moja.

Mwanao,
Ferjani


Bir Sassi, 11 Julai 1946

Mwanangu Ferjani,

Waaleikum salaam. Barua zote zimefika. Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nangoja niwe na kitu cha kukuandikia.

Chokaa nilipaka. Nilipaka kabla hujaandika, lakini baada ya upepo kuanza, nayo haikushika vizuri. Matawi makubwa yaliyokuwa ndani, niliyoyafungua kwa shoka, yameungua upande wa magharibi. Gome limepasuka likainuka kama ganda la mkate. Machipukizi yametoka mengi chini kwenye shina, mti unatafuta kuishi tu, haufikirii kuzaa. Safu ya kisima, ile niliyoikata mwisho, ina zeituni chache. Kwingine unaweza kutembea kutoka mti hadi mti usione kitu.

Khmaies hakupogoa kabisa. Miti yake ni michafu, imejisongamanisha kama nywele za mwendawazimu, na imezaa. Mkataba wake yeye bado una miaka minne, hakuna aliyekwenda kumkagua. Alinijia juzi na kapu la tini, tukala. Halafu akasema, "Homa imeshuka?" Nikamwambia imeshuka.

Mama yako huniuliza kila jioni miti ikoje. Namwambia imejaa. Ananiambia nimweleze, basi namweleza, tawi hili limeinama, lile tutaliwekea nguzo. Amekwisha panga chumba kitakachojengwa upande wa mashariki, na mlango wake, na wewe utalala wapi ukija na mkeo. Nimeogopa vitu vingi maishani, lakini sijawahi kuogopa kama ninavyoogopa siku atakaponiomba nimshike mkono nimpeleke akazishike zeituni mwenyewe.

Usiniandikie tena habari ya ombi. Nimekusamehe, kama ndilo unalolitaka. Lakini usije huku wala usiseme wewe ni nani. Ukipoteza kazi, miti haitarudisha maua. Mmoja wetu abaki na mahali pa kukaa.

Kula vizuri.

Baba yako,
Dhaou


Sfax, 12 Desemba 1946

Baba yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Hii ni ya tatu tangu siku ile tulipokuja kukagua mavuno, na sijapata jibu. Natumaini unapumua vizuri kwenye baridi hii, na Mama ana nguo ya kutosha. Nimesikia kwa dereva kwamba mmeondoka na ngamia mkaelekea upande wa Gabes, na kwamba Khmaies anajua mlipo lakini hasemi. Kwa hiyo barua hii naipitisha kwake. Khmaies, kama umeifungua, isome tu, sina tena cha kuficha, lakini mfikishie.

Baba, acha niseme habari ya siku ile, maana wewe hukuisema.

Sikujua kwamba ni mimi nitakayepelekwa. Karani wa siku zote aliugua, na Si Chedli akaniambia tunakwenda Bir Sassi tukiwa tumekwisha ingia garini. Njia nzima nilikuwa natafuta ugonjwa wa kusingizia. Ulikuwa umesimama mlangoni, umevaa kashabia yako safi. Ulinitazama, ukamsalimia Si Chedli, ukamsalimia mkaguzi, halafu ukasema, "Karibu, bwana karani," kama unavyomkaribisha mtu ambaye hujawahi kumwona, ukanipa kigoda kilekile nilichokuwa nakalia nikijifunza kusoma.

Tulizunguka miti. Mkaguzi alikuwa anasema haijazaa, haijazaa, nami naandika. Kalamu ikaniponyoka, Si Chedli akaona. Akasema, "Kijana, una nini?"

Wewe ndiye uliyejibu. "Ni baridi, bwana. Watoto wa mjini hawajazoea upepo wetu. Mwache akae juani kidogo."

Halafu mkaguzi akataka isomwe mbele ya mashahidi. Nilisoma polepole. Si Chedli akasema sauti haifiki, nisome tena. Nikasoma tena kwa nguvu, kwamba miti ya Bir Sassi haikuzaa katika mwaka wa kumi na tano, na kwamba mgharsi Dhaou hana fungu. Hapo ndipo Mama alipotokea mlangoni, ameshika ukuta. Hakuuliza habari ya miti. Aliuliza, "Sauti ya nani hiyo?"

Ukamwambia, "Karani wa Musyu."

Akasema, "Ana sauti nzuri. Mungu amtunzie mama yake." Akarudi ndani.

Nami nilikunja karatasi nikaiweka kwenye mkoba.

Baba, sijui ulikuwa unafikiri nini wakati ule. Nilitaka kuita. Kinywa kilikuwa wazi. Nilimwona Si Chedli anawasha sigara, nikafunga kinywa. Tukaingia garini, na mpaka tunafika Sfax alikuwa ananieleza habari ya posa ya binti yake.

Nilikaa na jambo hilo wiki moja. Halafu nilikwenda mezani kwake nikamwambia mimi si wa Mokdad, ni Ferjani bin Dhaou wa Bir Sassi, na nilisikia yote waliyosema mwezi Machi, na niko tayari kwenda kuapa mbele ya amini. Nilidhani atanyanyuka. Alinitazama tu, kama mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu. Akasema, "Ungeniambia Machi, ningekuogopa." Akaniambia niache ufunguo wa kabati.

Kwa amini nilikwenda hata hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, mzee mpole. Aliniuliza ni nani aliyepogoa miti mwezi Aprili. Nikasema ni baba yangu. Akauliza kama alilazimishwa. Nikasema alingoja barua. Akasema hilo hana mahali pa kuliandika.

Sasa nafanya kazi bandarini, nasimama kwenye mizani ya fosfeti. Ni kazi ya vumbi lakini hakuna anayejali mimi ni mtoto wa nani. Nimepanga chumba. Ni kidogo, ila kina dirisha upande wa mashariki, na mwenye nyumba ni mjane mwema ambaye amekubali mzee na mama wakae nami. Hakuna ngazi za kupanda. Mama ataweza kufika mlangoni mwenyewe akipapasa ukuta, nimejaribu nikiwa nimefumba macho.

Sikuombi uje kama hutaki. Nataka kujua jambo moja tu: kama Mama alijua ni mimi. Kama alijua, niambie. Kama hakujua, usimwambie mpaka nije mwenyewe nimwambie kwa sauti ileile.

Napatikana hivi. Usitume kwa Mjomba Mokdad, ofisi imemkasirikia kwa kuniazima jina lake, naye hasira hizo amezihamishia kwangu na barua zangu anazirudisha. Mwambie dereva wa lori afike lango la Bab Diwan, asiingie ndani ya mji. Kulia, baada ya muuza vyungu, kuna tanuri la mikate la Laroussi. Huko nanunua mkate kila siku alfajiri kabla ya kwenda bandarini, hata Ijumaa. Aulize Ferjani wa mizani. Nisipokuwapo amwachie Laroussi, ni mtu wa kuaminika, anaweka barua zangu chini ya kopo la chumvi. Kama dereva hapiti huko mliko, mpe mchuuzi yeyote anayeleta mafuta Sfax, wote wanapita tanurini. Na kama huna la kuniandikia, Baba, usiandike. Tuma bahasha tupu. Ikunje tu wewe mwenyewe, kwa namna yako ile ya kukunja pembe ndani, nami nitajua imepita mikononi mwako.

Mwanao,
Ferjani